Mshono Uonekane au Usionekane

Mheshimiwa Mkuu wa Idara, walimu wetu, wanafunzi wenzangu, wazazi na wageni wetu nyote,

Nimeombwa niseme juu ya wasanii wa leo walionifunza kitu, na juu ya kazi ninazozionyesha katika ukumbi huu. Nashukuru kwa nafasi hii, na naomba radhi mapema kwamba nitawataja wasanii wachache tu. Ninaowaheshimu ni wengi kuliko hao, lakini nimechagua wale ambao nimekaa na kazi zao muda mrefu, hadi zikabadilisha namna ninavyoshika kipande cha mkaa.

Mama yangu ni fundi cherehani, naye yumo humu ndani. Naanza na yeye kwa sababu karibu yote nitakayoyasema yametokana na swali lake moja. Mama akiletewa nguo ya kurekebisha, kitu cha kwanza anachofanya ni kuigeuza ndani nje. Hatazami rangi wala mtindo. Anapitisha kidole gumba juu ya mshono, anaukunjua upindo kidogo, anaangalia kama kingo za kitambaa zimezungushiwa uzi au zimeachwa zichambuke, na kabla hujamaliza kueleza shida yako ameshajua kama aliyeishona alikuwa na haraka au alikuwa na utulivu. Nimekua nikiliona jambo hilo kila siku, na wala sikulihesabu kuwa elimu. Nilipoingia chuoni nilidhani naacha nyumbani mambo ya ufundi na kuingia katika mambo ya sanaa, na kosa hilo limenichukua miaka miwili kulisahihisha.

Katika miaka hiyo miwili niliishi kwa kuiga. Kuiga ni njia ya kale ya kujifunza, nami siilaumu. Mwanafunzi asiyewahi kunakili mkono wa mtu mwingine mara nyingi huishia kuurudia mkono wake mwenyewe kabla haujajua chochote. Tatizo langu lilikuwa kwamba niliiga matokeo bila kuijua kazi iliyoyazaa. Nilimpenda sana, na bado nampenda, Julie Mehretu, mchoraji aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970, ambaye huweka chini michoro ya majengo na ramani, akaifunika kwa tabaka angavu la akriliki, akalisugua hadi likawa laini, kisha akachora tena juu yake kwa wino na rangi, na tena, na tena, hata jicho likiingia ndani ya picha lisijue limesimama tabaka la ngapi. Kwenye kioo cha simu yangu tabaka zote hizo zilikuwa picha moja bapa, pana kama kiganja. Nikachora mistari mingi inayokimbizana nikaona nimefika.

Mwaka wa pili mwalimu wetu alitutoa nje ya studio tukiwa na kamba na chaki, akatuambia tupime chini ukubwa wa mchoro wa Mehretu uitwao Mural, alioukamilisha mwaka 2009 kwa ajili ya ukumbi wa kuingilia wa jengo la benki moja huko New York. Una urefu wa takriban mita 24 na kimo cha takriban mita 7. Tulipomaliza kuifunga kamba, darasa zima liliingia ndani ya mstatili ule na nafasi ya kutembea ikabaki. Nilisimama kwenye kona moja, nikamwona mwenzangu mdogo kwenye kona ya pili, na hapo nikatambua kwamba nilikuwa naiga kitu ambacho sikuwahi kukiona. Tuliporudi ndani mwalimu alisimama mbele ya kazi yangu kwa muda, akasema kwa upole, “Naona unaowapenda. Sijaona ulichokiona wewe.” Maneno hayo yaliniuma, nami namshukuru kwa kuyasema.

Aliyenitoa hapo ni William Kentridge, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1955, nami nitakaa kwake kidogo. Filamu ya katuni kwa kawaida hutengenezwa kwa michoro maelfu, kila hatua ya mwendo na karatasi yake. Kentridge, katika mfululizo wa filamu fupi alioanza mwaka 1989, alifanya kinyume: tukio zima huchorwa juu ya karatasi moja. Anachora kwa mkaa, anakwenda ilipo kamera, anapiga picha moja au mbili, anarudi kwenye karatasi, anafuta sehemu ndogo ya mkono wa mtu au ya wingu, anaichora upya ikiwa imesogea kidogo, na anairudia safari ileile kutwa nzima. Basi mkaa una tabia moja ambayo kila aliyeutumia anaijua: haufutiki wote. Hata ukitumia kifutio kizuri kiasi gani, kivuli cha kijivu hubaki. Kwa hiyo mtu akinyanyua mkono katika filamu zile, nyuma ya mkono wake unabaki moshi wa mahali ulipokuwa.

Niliposoma maelezo ya kazi hizi kwa mara ya kwanza nilidhani moshi ule ni urembo. Baadaye nilikumbuka filamu zile zilitengenezwa wapi na lini. Zilianza nchini Afrika Kusini katika miaka ambayo ubaguzi wa rangi uliokuwa sheria ya nchi ulikuwa unafikia mwisho wake, zikaendelea wakati Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoanza kazi mwaka 1996 ikisikiliza yaliyokuwa yamefichwa. Katika nchi ambayo watu wengi walitaka yaliyopita yafutwe upesi, msanii alichagua nyenzo isiyokubali kufutwa. Hakuhitaji kuandika maneno makubwa ubavuni mwa picha. Mkaa wenyewe ulikuwa unasema. Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na yale maelezo ya msanii tunayofundishwa kuyaandika, hasa yanapojaa maneno kama “kuhoji” na “kuchunguza” bila kutuambia kitu kilishikwaje, kilikatwa na nini, na kilikataa wapi.

Nikaanza kuchora mikono ya mama akiwa kwenye cherehani. Nilichora kwa mkaa juu ya karatasi ya kaki, ileile ambayo mafundi huchorea vipimo kabla ya kukikata kitambaa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mkono wa kushoto, unaokiongoza kitambaa, ulinijia vizuri. Mkono wa kulia ulinikataa. Unapozunguka gurudumu kisha ukarejea kwenye sindano, kifundo chake hukaa pembe ambayo nilikuwa naijua kwa macho lakini siijui kwa mkono. Nikachora, nikafuta, nikachora, nikafuta. Mara ya sita au ya saba karatasi ilikwishakonda, ikapasuka palepale kwenye kifundo, tundu refu kama kidole changu cha shahada.

Nilikuwa naikunja niitupe, mama akaniomba aione. Kama kawaida yake, aliigeuza kwanza. Akautazama mgongo wa karatasi, akapapasa kingo za tundu, akaenda kwenye vipande vilivyobaki akachukua kiraka cha karatasi ya aina ileile, akakiweka chini yake. Halafu akaniuliza kama anavyowauliza wateja wake: “Unataka mshono uonekane au usionekane?”

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akaniambia, “Mwanangu, usioonekana unataka uzi wa rangi ileile, hatua fupi, na pasi. Unaoonekana ndio mgumu, maana kila mtu atauona mkono wako. Na uamue sasa hivi. Kitambaa nikikifumua kinarudi, lakini karatasi sindano ikishapita, tundu halizibi.”

Nikasema uonekane. Akashona kwa uzi wa buluu, kwa sababu ndio uliokuwa kwenye cherehani saa ile. Mstari ulikatiza juu ya kifundo cha mkono, umenyooka, hatua zake sawasawa, ukiwa baridi kabisa kando ya mkaa wangu uliotapakaa. Niliitundika karatasi ile ukutani juu ya kitanda changu, nikaitazama kwa siku kadhaa bila kuigusa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetengeneza kitu ambacho sikujua kingeonekanaje kabla hakijawa.

Hapo ndipo nilipomrudia Michael Armitage, ambaye nilikuwa nimempita haraka. Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea uchoraji London, na kwa miaka mingi sasa hachori juu ya kanvasi. Huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kutoka Uganda. Gome huvuliwa mtini, mti ukafungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya, kisha gome hupondwa kwa nyundo za mbao, saa baada ya saa, hadi lipanuke na kulainika. Ufundi huu wa Waganda ni wa kale kiasi kwamba UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa hazina za urithi usioshikika wa binadamu. Lubugo ni vazi la heshima katika sherehe za Buganda, na ndiyo inayowafunika wafu wao wanapozikwa.

Kitambaa cha namna hiyo hakimngojei mchoraji kikiwa kimya. Kina matundu pale palipokuwa na vifundo vya matawi, kina makunyanzi, na vipande vyake vimeunganishwa kwa uzi mnene. Armitage hazibi matundu wala hafichi mishono. Katika baadhi ya kazi zake mshono unapita katikati ya uso au mwili wa mtu, na mtazamaji hana budi kuamua kama ule ni jeraha, ni mpaka au ni kitambaa tu. Niliwahi kusikia watu wakisema lubugo ni mbinu ya kujitofautisha sokoni. Sikubaliani nao. Mtu anayetaka kujitofautisha huchagua kitu kinachomtii; Armitage alichagua kitu kinachompinga katika kila hatua ya brashi, na akauacha upinzani ule ubaki mbele ya macho yetu.

Kuna jambo jingine la Armitage ambalo nalitaja kwa sababu wanafunzi hatulisemi vya kutosha. Mwaka 2021 alipopewa maonyesho makubwa katika Royal Academy, taasisi ya sanaa mjini London, alitenga sehemu ya maonyesho hayo kwa wasanii wa Afrika Mashariki waliomtangulia, wakiwamo Theresa Musoke, Jak Katarikawe na Sane Wadu, ili anayekuja kumtazama yeye awakute na hao. Huko nako nakuita kuacha mshono uonekane, maana msanii alionyesha mahali kazi yake ilipoungwa na kazi za wengine.

Jambo hilo lilinirudisha kwenye swali ambalo lilinisumbua muda mrefu, la mikono mingi katika kazi yenye jina moja. Mchongaji El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kuanza kufundisha chuo kikuu huko Nsukka, Nigeria, mwaka 1975, aliokota mfuko wa vizibo vya chupa za pombe mwishoni mwa miaka ya 1990, na kutokana na vizibo hivyo vilivyopondwa, kutobolewa na kuungwa kwa waya wa shaba zimetokea kazi kubwa zinazoning’inia kama nguo. Wasaidizi wengi hufunga waya hizo. Nayo kazi ikishatoka mikononi mwao haina umbo la kudumu. Hukunjwa isafirishwe, na anayeitundika ana ruhusa ya kuamua mikunjo yake. Naona ukarimu mkubwa katika ruhusa hiyo. Msanii wa China Ai Weiwei naye, mwaka 2010, alitandaza katika jumba la Tate Modern la London mbegu milioni 100 za alizeti zilizofinyangwa kwa kauri, kila moja ikiwa imepakwa rangi kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen nchini China, wapatao 1,600. Naiheshimu kazi ile, na idadi ya mafundi ilitangazwa wazi, lakini kila ninapoitazama nabaki na kiu ya kujua mbegu ipi ilipakwa na nani. Huenda kiu hiyo inatokana na kulelewa na fundi ambaye jina lake halimo ndani ya nguo hata moja kati ya zote alizozishona.

Ndiyo maana, mkipita kwenye kazi zangu, mtaona kila kibao kina majina mawili. Mama alikataa mwanzoni. Alisema, “Mimi nimeshona tu.” Nikamjibu kwamba nami nimechora tu. Tulijadiliana juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko tulivyojadiliana juu ya kazi yoyote.

Lakini nisingependa mtu yeyote aondoke hapa akidhani nasema kila mshono lazima uonekane. Nilikuwa nimeanza kuamini hivyo, na imani hiyo ilikuwa inakaribia kuniharibia kazi: nilianza kupasua karatasi kwa makusudi ili zishonwe. Mama alizigundua mara moja, kwa sababu karatasi iliyochanwa kwa mkono ina kingo tofauti na iliyochakaa kwa kusuguliwa. Alizirudisha bila kuzishona. Hakunieleza kitu, aliziweka tu juu ya meza.

Aliyenisaidia kuelewa ni Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye kabla ya kupata jina Uingereza alijifunza kufinyanga kwa mkono huko Abuja, Nigeria, mji ambao leo unaitwa Suleja, kwa wafinyanzi wanawake akiwamo Ladi Kwali. Hatumii gurudumu la kufinyangia. Hupandisha udongo kwa mkono, akaukwangua, akaupaka tope laini la udongo uleule, kisha akausugua na kuusugua tena hadi ukang’aa bila kupakwa gilasi, ule utando wa kioo unaopakwa juu ya vyombo vya udongo. Udongo huohuo ukichomwa mahali penye hewa ya kutosha hutoka na wekundu wa chungwa, na ukichomwa tena moto ukinyimwa hewa hugeuka mweusi. Katika vyungu vyake huoni kiungo hata kimoja. Shingo imetoka kwenye bega na bega limetoka kwenye tumbo kana kwamba vimeota. Na lugha yetu, inayokipa chungu shingo, tumbo na mdomo, inakuwa imeshasema nusu ya anachokifanya. Odundo haonyeshi mshono, na hakuna anayeweza kusema kwamba anaficha kitu. Saa zote za kusugua zimo katika ule mng’ao, na ukisogeza jicho karibu unaziona. Nikarudi kwenye swali la mama na kulisikia upya. Yeye aliuliza uonekane au usionekane. Hakuwahi kuniambia lipi ni bora. Kila nguo ina jibu lake, na jibu hilo hutafutwa kabla sindano haijaingia.

Baada ya hapo nilizitupa zile nilizozipasua kwa makusudi na kuanza upya, polepole. Nilikuwa na mfano wa subira mbele yangu. Vija Celmins, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Riga mwaka 1938, aliokota mawe 11, akayatengenezea mawe mengine 11 ya shaba nyeusi, akayapaka rangi kila chembe na kila doa hadi ikawa vigumu kutofautisha lililookotwa na lililotengenezwa. Kazi hiyo ilimchukua tangu mwaka 1977 hadi 1982. Mtu anaweza kuuliza faida ya kurudia jiwe ambalo tayari lipo. Mimi nadhani alikuwa anajifunza kutazama, na jiwe ndilo lililomshika mkono. Mikono ya mama nimeitazama maisha yangu yote, lakini sikujua hadi mwaka huu kwamba kidole chake cha kati cha kulia kina kovu dogo la sindano chini ya ukucha, na kwamba akifikiri huligusa kwa kidole gumba.

Kazi zilizomo humu ni tisa. Tano zina mishono ya buluu. Hizo ndizo zilizochakaa zenyewe nikiwa natafuta mstari. Tatu hazina mshono hata mmoja. Katika hizo niliyafuta makosa hadi karatasi ikabaki na kivuli tu, nikaisugua kwa kitambaa laini mpaka mkaa ukaingia ndani yake ukatulia. Zote zimening’inizwa kutoka darini, hazikubandikwa ukutani, ili mzunguke nyuma yake. Naomba sana mzunguke. Nyuma ndiko kuliko na viraka, vifundo vya uzi, hesabu za vipimo vya wateja zilizokuwa zimeandikwa kwenye karatasi kabla sijaichukua, na alama za vidole vyetu sote wawili, vyangu vyeusi kwa mkaa na vyake vyeupe kwa chaki.

Ya tisa ndiyo iliyo karibu na mlango. Ina tundu kwenye kiganja ambalo halijashonwa. Mimi naona lishonwe, na mama, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi hii, anaona liachwe. Cherehani ipo pale pembeni, imetiwa uzi wa buluu, na tumekubaliana kuamua kabla maonyesho hayajafungwa Jumamosi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.